Buibui Aliyeikimbia Sakafu Yake



Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka mbali. Mwandishi wake ni mama mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, ambaye kwa sasa anaishi na mumewe na watoto wao katika mji wa Leicester, Uingereza. Jarida hili humfikia kwa simu, dada yake akimpelekea kila Ijumaa. Ameandika kurasa tatu kamili, na zote tatu zinamhusu buibui. Mabibi wasiniharakishe: si buibui la kuvaa. Ni buibui mwenyewe mwenye miguu minane, tena si yule mwembamba wa pembe za dari, bali yule mkubwa mwenye manyoya aitwaye tarantula, ambaye akinyoosha miguu yake hujaza kiganja cha mtu mzima.

Huko Uingereza wako watu wamfugao tarantula nyumbani kama sisi tufugavyo paka na kasuku. Mama anaeleza kuwa mwanawe wa miaka 14 alinunuliwa mmoja, wa aina ijulikanayo kwa jina la waridi wa Chile, na pamoja naye akapewa dukani karatasi ya maelekezo. Karatasi ilisema kisanduku kiwe na joto la nyuzi 28 hadi 30, unyevu wa hewa uwe asilimia 80, na maji yanyunyizwe kila siku. Kijana akaifuata karatasi ile kama mgonjwa afuatavyo cheti cha daktari. Alinunua mkeka wa umeme wa kupashia joto akautandika chini ya kisanduku. Alipoona kipimo cha unyevu hakipandi, akaziba matundu ya hewa kwa utepe wa gundi, akawa ananyunyizia maji asubuhi na jioni.

Baada ya kama wiki tatu buibui akaiacha ardhi. Akapanda ukutani, akakaa karibu na kifuniko, mchana na usiku, siku baada ya siku. Asubuhi moja alikutwa chini amekufa, tumbo limepasuka. Mama akamkaripia mwanawe, kwa kuwa aliamini kuwa alimtoa kumchezea akamwangusha. Kijana akaapa kuwa hakumgusa, mama hakumsadiki, na tangu siku hiyo neno la buibui likitajwa katika nyumba ile hugeuka ugomvi. Sasa ami yake kijana amemletea buibui mwingine wa aina ile ile. Mkeka umewashwa tena. Mama anauliza kama na huyu atakufa, kama mkeka ule unaweza kuachwa umewaka usiku kucha bila ya hatari, na nani atamtunza mnyama huyu watakapokuja Mombasa mwezi wa Agosti kwa wiki nne.

Hukumu ya kuwafuga viumbe wa namna hii hakuniuliza, nami nitaiacha kwa siku yake. Aliloniuliza ni la utunzaji, na niliyoyaandika hapa nimeyapata katika vitabu vya wataalamu na kwa mpwa wangu, ambaye amewafuga huko Ulaya kwa miaka mingi.

Dada yangu, naanza na lile ambalo hukuliuliza kwa swali lakini limejaa katika barua yako. Mwanao amesema kweli. Uliyoyaeleza kwa mkono wako mwenyewe yanamtetea: buibui huyu ni wa ardhini, hakuumbiwa kupanda, na anapoiacha ardhi akaning'inia kiooni siku nyingi mfululizo, aghalabu anaikimbia sakafu. Sakafu ilikuwa imelowa. Tumbo la tarantula ni kama mfuko uliojaa maji na ngozi yake ni nyembamba. Akianguka kutoka kimo cha futi moja, au hata pungufu ya hapo, laweza kupasuka, na likipasuka hapati kupona. Hapakuhitajika mkono wa mtu. Alipanda kwa kuukimbia unyevu, kioo kikawa na jasho, mguu ukateleza.

Kwa nini basi aukimbie unyevu, ilhali karatasi ya duka inasema anautaka? Kwa sababu mwenye kuiandika amewatia tarantula wote katika kapu moja. Wako zaidi ya aina 1,000 duniani, na hawatoki mahali pamoja. Yuko mkubwa wao, Theraphosa blondi, wa misitu ya mvua ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini, katika nchi kama Suriname, Guyana na Venezuela. Huyo kwao ni majani yaliyooza na udongo usiokauka, na ukimweka pakavu hudhoofika. Waridi wa Chile kwao ni nyika. Anatoka katika vichaka vikavu vya Chile, nchi ambayo mvua yake katika sehemu hizo hunyesha wakati wa baridi, na miezi ya joto hupita bila ya tone. Usiku wake ni wa baridi. Kumwekea mnyama huyo hewa ya asilimia 80 na udongo ulioloa ni kama kumchukua mtu wa Marsabit ukamlaza katika shamba la mpunga.

Hapa yafaa tuufahamu huu unyevu wenyewe ni nini, maana kipimo kile cha asilimia kimewachanganya watu wengi kuliko mwanao. Hewa ichukulie kuwa ni mtungi unaopanuka na kunywea. Ikipata joto, mtungi hupanuka na kuweza kubeba maji mengi, ikipoa, hunywea. Asilimia haikuambii mna maji kiasi gani ndani ya mtungi, bali hukuambia mtungi umejaa kwa kiasi gani. Maji yale yale yaliyoujaza mtungi mdogo, ukiyamimina katika mtungi mkubwa yataonekana haba. Ndiyo sababu Uingereza wakati wa baridi midomo hupasuka ndani ya nyumba. Nje hewa iko nyuzi sifuri na imejaa asilimia 90. Ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 20, bila ya kuongezwa wala kupunguzwa maji yake, kipimo huporomoka hadi karibu na robo, yaani asilimia 24 hivi.

Sasa kitazame kile kisanduku. Mkeka unapasha hewa, hewa inapanuka, kipimo kinashuka. Kijana anaona kimeshuka, ananyunyizia maji. Mkeka unayafukuza maji yale, kipimo kinashuka tena, naye anaongeza. Mkono mmoja ukijenga, wa pili ukibomoa. Lau mkeka ungezimwa siku ya kwanza, nusu ya shida ya unyevu ingeondoka yenyewe, na mwanao asingefikia kuziba matundu.

Kuziba matundu ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Tarantula hana kifua kinachopanda na kushuka kama chetu. Chini ya tumbo lake ana jozi mbili za mapafu yaliyopangika mfano wa kurasa za kitabu, na hewa huingia humo kwa utulivu, ikipita baina ya kurasa. Mwenye mapafu ya namna hiyo ahitaji hewa safi imfikie pale alipo, kwani hana nguvu ya kuivuta kutoka mbali. Hewa iliyofungwa, yenye joto na maji, sisi watu wa pwani tunaijua kwa jina lake: fukuto. Katika fukuto kuvu huota juu ya udongo na juu ya mabaki ya chakula, utitiri huzaana, na mnyama hana pa kwenda. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe pale Mji wa Kale na Lamu waliacha ua katikati na matundu juu ya kuta, na joto la kaskazi halikuwashinda, kwa kuwa walijua kuwa pepo ikipita joto hustahimilika. Kisanduku nacho kiwe na matundu pande mbili zinazoelekeana, au upande mmoja na kifunikoni, na yasizibwe kwa ajili ya kukipendeza kipimo.

Na hicho kipimo chenyewe je? Zile saa ndogo za mshale zinazobandikwa kiooni ndizo zinazouzwa sana na ndizo zinazokosea sana. Kisha hubandikwa juu, karibu na kifuniko, ilhali buibui yuko chini. Iko njia ya kukijaribu kipimo ambayo mama yeyote anaweza kuifanya jikoni, na vifaa vyake ni chumvi na maji. Twaa kijiko cha chumvi ya kawaida, ukiweke katika kifuniko cha chupa, utie matone machache ya maji mpaka iwe kama tope, isiyeyuke yote. Kiweke kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mkebe au mfuko usiopitisha hewa, ufunge vizuri, uache kuanzia usiku hadi kesho yake jioni. Hewa iliyofungiwa pamoja na chumvi yenye maji hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 75, kiamini. Kikisoma 60, ujue kinapunguza 15. Kikisoma 40, kitupe.

Siri hii ya chumvi ndiyo iliyo katika vyombo vyetu vya mezani. Chumvi hubaki kavu maadamu unyevu wa hewa haujapita kama asilimia 75. Ukipita hapo huanza kuvuta maji kutoka hewani ikashikana. Kwa hiyo mama wa Mombasa anayetia punje za mchele katika chupa ya chumvi ili isigande amekwisha kujua, bila ya kununua kipimo chochote, kuwa hewa ya jikoni mwake mara nyingi imevuka 75. Mama wa Leicester chumvi yake hutiririka mwaka mzima.

Nije kwenye mkeka wa umeme. Jibu fupi: uchomoe. Tarantula hana joto lake mwenyewe mwilini. Hupata moto na kupoa pamoja na mahali alipo, na mahali penye nyuzi baina ya 20 na 28 panamtosha. Usiku pakishuka hadi 18 hadhuriki. Atapunguza mwendo, atapunguza kula, atakua polepole, basi. Chumba ambamo mtu amekaa na shati moja asihisi baridi, humo waridi wa Chile naye yuko sawa. Baridi ya kadiri hiyo haimuui. Joto kali ndilo huua, tena haraka.

Kuutandika mkeka chini ya kisanduku kuna ubaya mwingine ambao watengenezaji wachache huutaja. Porini joto hutoka juu, kwa jua, na ardhi kila ukichimba ni ya baridi zaidi. Kwa hiyo mnyama huyu amepewa maumbile ya kuchimba pindi anapoona joto limezidi. Mwekee moto chini, naye ataukimbia moto kwa kuuelekea. Atachimba, na kila anapochimba joto linazidi, mpaka akafikia kioo chenyewe kilicholala juu ya mkeka. Wafugaji wamewakuta wengine wamekauka hapo hapo, wameikumbatia sakafu. Ikiwa nyumba yenu hushuka chini ya nyuzi 18 usiku wa Januari, dawa nzuri ni kupasha chumba. Ikilazimu mkeka, ubandikwe ubavuni mwa kisanduku, upande mmoja tu, juu ya usawa wa udongo, na uunganishwe na kidhibiti kinachouzima wenyewe joto likifika nyuzi 26. Mkeka usio na kidhibiti usiachwe umewaka watu wamelala. Hilo nalisema kwa ajili ya watoto kabla ya buibui.

Kisha sakafu. Huko huuzwa udongo wa tarantula katika matofali makavu, na nilipomuuliza mpwa wangu matofali yale yametengenezwa kwa kitu gani nilicheka: makumbi. Makumbi ya nazi yaliyosagwa! Yale tunayowashia moto sisi, wao huyapima kwa gramu. Hata hivyo ni kitu kizuri, kwa kuwa hayaozi upesi na hushika maji bila ya kugeuka tope. Kwa waridi wa Chile aliyekomaa yatumiwe yakiwa makavu, yamwagwe kwa kina cha sentimita 10 au zaidi, yashindiliwe. Kina kina faida mbili. Humpa nafasi ya kuchimba na kujitafutia mwenyewe joto na unyevu aupendao. Na hupunguza kimo baina ya udongo na kifuniko, ili hata akipanda asianguke kutoka juu sana. Kimo hicho kisizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Kisanduku kirefu chenye udongo kiduchu ndicho kilichomvunja yule wa kwanza.

Baada ya hapo weka kisahani cha maji, kipana kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya asali, kijae daima. Kisahani hicho ndicho unyevu wote anaouhitaji. Madukani watakuuzia kipande cha sponji cha kuweka ndani ya maji. Usinunue, sponji hukusanya uchafu na kunuka. Usiogope kuwa atazama. Ukiona haja ya kuongeza unyevu, mathalan wakati wa baridi kali, mwaga maji kidogo kwenye pembe moja ya udongo, yashuke chini, ili chini pawe na unyevu na juu pabaki pakavu. Chupa ya kunyunyizia irudishwe kwenye maua. Kila unyunyizaji hulowesha juu tu, hukauka baada ya saa chache, na humtisha mnyama. Naye akitishwa hupangusa tumbo lake kwa miguu ya nyuma akarusha malaika yake yawashayo. Malaika hayo yakiingia machoni ni balaa. Mwanao asiinamishe uso juu ya kisanduku kilicho wazi, na anawe mikono kila anapomaliza.

Iwapo siku moja atapata kitoto cha tarantula, kidogo kama kunguni, hesabu hubadilika. Buibui mkubwa amefunikwa na utando wa nta unaozuia maji yasimtoke, mfano wa mtungi uliopakwa nta. Kitoto utando wake ni mwembamba na mwili wake mdogo hukauka upesi, kwa hiyo udongo wake uwe na unyevu kiasi, hata wa aina hii ya nyika. Lakini matundu ya hewa yabaki pale pale.

Sasa nakuomba, dada yangu, uyatie akilini mambo mawili yanayofanana kwa macho na yanayotofautiana kama usiku na mchana. Miguu ya tarantula haina misuli ya kuinyoosha katika viungo vyake vikubwa. Huikunja kwa misuli, lakini huinyoosha kwa kusukuma maji ya mwili ndani yake, mfano wa mpira wa bustani unaokakamaa maji yakifunguliwa. Akipungukiwa na maji, msukumo hupungua, na miguu hujikunja chini ya mwili kama vidole vya mkono uliofumbwa. Ukimwona hivyo, amesimama wima lakini miguu yote imejikunja chini yake na hatembei, hiyo ni kiu au mauti. Msogeze taratibu kwa kijiko, umweke mdomo wake pembeni mwa kisahani cha maji, chini ya macho yake lakini matundu ya mapafu yaliyo chini ya tumbo yasizame. Wengine hurudi.

Lakini ukimkuta amelala chali, miguu juu, usimguse. Hajafa. Anajivua gamba. Tarantula hukua kwa kuvua ngozi yake ngumu yote, pamoja na ya miguu na ya meno, na kwa kazi hiyo hulala chali kwa saa kadhaa, pengine siku nzima. Ni wengi waliotupwa pipani wakiwa hai katika hali hii, na mama wa nyumba ndiye mtupaji wa kawaida, kwa kuwa ndiye afagiaye. Watu husema wakati huo unyevu upandishwe sana. Ukweli ni kuwa kinachomsaidia kuvua ni maji aliyokwisha kuyanywa wiki zilizopita, hivyo kisahani kilichojaa daima kina thamani kuliko kunyunyizia siku ile, ambako humsumbua tu. Kitu cha kuondoa haraka ni nyenje au mende aliyebaki ndani kama chakula, kwani ngozi mpya ni laini na mdudu mdogo aweza kumtafuna. Ndiyo, mende. Wale tunaowapulizia dawa huku, kule hununuliwa kwa boksi.

Kwa wasomaji wetu wa hapa nyumbani neno ni fupi. Vijana wa Mombasa na Malindi wameanza kuyaona mambo haya katika simu, na maelekezo wanayoyaona yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Pwani mkeka wa umeme hauna kazi hata siku moja ya mwaka. Shida ya hapa ni Februari na Machi, chumba chenye paa la bati, saa nane mchana, madirisha yamefungwa. Kisanduku kikiwekwa hapo, au dirishani penye jua, kioo hugeuka tanuri kwa muda wa kuswali na kurudi. Wala kisiwekwe juu ya friji, ambako hupata joto na mtikisiko.

Na asiende mtu porini kumchimbua tarantula wetu. Kenya na Tanzania tunaye mmoja mkubwa wa rangi ya kutu, Pelinobius muticus, achimbaye shimo refu katika nchi kavu na kukaa humo maisha yake. Ni mkali, hutoa sauti ya kukwaruza anapokasirika, na akiuma maumivu yake si ya mchezo. Nje ya nchi anatafutwa, na ndiyo sababu naonya. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwahukumu watu wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji wa miaka 19 waliokutwa na malkia wa chungu wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Kila mmoja alitakiwa kulipa shilingi milioni moja au kufungwa miezi 12. Hao walikuwa chungu, wadudu wanaokanyagwa kila siku. Sheria ya wanyamapori haimwangalii mnyama kwa kimo chake.

Nirudi Leicester nimalize. Leo hii chomoa mkeka, bandua utepe kwenye matundu, ondoa udongo uliolowa na uweke mkavu wa kina, ujaze kisahani. Kazi hiyo aifanye mwanao, nawe ukae naye, na kabla hajaanza mwambie kuwa yule wa kwanza hakuuawa na mkono wake. Buibui mpya akiwa bado amening'inia juu, baada ya siku mbili tatu za udongo mkavu utamkuta ameshuka.

Kuhusu Agosti, msihangaike. Waridi wa Chile aliyekomaa ni hodari wa kufunga. Hukaa miezi bila ya kula kwa hiari yake, na wengine hukataa chakula msimu mzima wakawatia hofu wenyewe bure. Wiki nne si kitu kwake. Anachohitaji ni maji na kivuli. Sogezeni kisanduku mbali na dirisha, maana nyumba iliyofungwa huchemka hata Uingereza siku za kiangazi. Mwachieni jirani ufunguo, apite mara moja kwa wiki, afungue kifuniko kidogo, amimine maji katika kisahani, afunge. Asimpe chakula, asinyunyizie, asimguse. Na akimkuta amelala chali, asimtupe. Ampigie simu mwanao.